Nyuzi, Herufi na Taadhima: Habari za Libasi ya Besiboli

Miongoni mwa michezo ya mpira inayokusanya umati wa watu, ni michache mno ambayo mavazi ya wachezaji wake hutazamwa kwa utulivu na kwa muda mrefu kama yanavyotazamwa mavazi ya besiboli ya Marekani. Kwani katika mchezo huo, ambao kwa miaka mingi ulizoea kuchukua kiasi cha saa tatu, sehemu kubwa ya wakati hupita watu wakiwa wamesimama. Mrushaji yu peke yake juu ya kilima kidogo cha udongo akitafakari mpira atakaourusha, mpigaji yu mbele yake ameinua gongo, wenzake mrushaji wametawanyika majanini kila mmoja mahali pake, na mtazamaji, ambaye hana mbio za kufuata kwa macho, hana budi kuyatazama mavazi. Huona jinsi ukingo wa kofia ulivyopinda, herufi zilivyodariziwa kifuani, soksi zilivyopandishwa hadi chini ya goti, na milia myembamba ilivyoteremka begani mpaka kiunoni bila kukatika. Hata meneja, ambaye katika soka huvaa suti au koti lake la kawaida, katika besiboli aghalabu huvaa sare ileile ya vijana wake, japokuwa mvi zimejaa chini ya kofia.

Kwa sababu hiyo Wamarekani wameihifadhi libasi ya mchezo huo kwa bidii ambayo watu wengine huitumia kuhifadhi hati za wazee wao, na wakiona herufi imenenepa au rangi imefifia hulalamika kama waliopunjwa urithi. Mtu wa mbali aweza kudhani kuwa huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Rai yangu ni kinyume cha hivyo: mapambo ya besiboli yaliyodumu hayakudumu kwa uzuri peke yake, bali kwa kuwa kila moja lilizaliwa na haja ya kweli au na tukio la kweli katika maisha ya watu, na anayeyabadili pasipo kuijua asili yake huharibu kitu asichoweza kukishona upya.

Kutoka kofia za majani hadi soksi nyekundu

Klabu ya kwanza kujulikana kuwa na sare ilikuwa Knickerbocker ya New York, ambayo mwaka 1849 iliwavika wachezaji wake suruali ndefu za sufu za buluu, mashati meupe ya flana, na kofia za majani makavu. Hayo yalikuwa mavazi ya waungwana waliotoka kupunga hewa alasiri kuliko ya watu waliokusudia kushindana; suruali ndefu ilikokota vumbi na kunaswa na viatu, na kofia ya majani ilipeperuka kila mtu alipokimbia. Mabadiliko makubwa yaliletwa na klabu ya Cincinnati, chini ya nahodha wake Harry Wright, mzaliwa wa Sheffield nchini Uingereza, ambayo mnamo mwaka 1868 iliikata suruali, ikaifunga chini ya goti, na kuuacha muundi wote uonekane umevikwa soksi nyekundu. Mwaka uliofuata klabu hiyo ikawa ya kwanza kutangaza waziwazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa mishahara, ikazunguka nchi kutoka pwani moja hadi nyingine, na ikamaliza msimu mzima bila ya kufungwa. Ushindi wa namna hiyo huipa nguo heshima, na tangu siku hizo suruali fupi na soksi ndefu zikawa ndiyo alama ya mchezaji wa besiboli.

Taathira ya soksi zile haikukoma hapo. Wright alipohamia Boston mwaka 1871 alikwenda na jina pamoja na rangi, na jina lenyewe, Red Stockings, lilihusu kile kilichofunika miguu ya vijana wake. Chicago nako ikawapo klabu ya soksi nyeupe. Na mpaka leo klabu za Boston, Chicago na Cincinnati zinaitwa kwa majina ambayo nasaba yake inarudi katika soksi. Klabu nyingi duniani zimejiita kwa majina ya miji, wanyama na vyeo, lakini ni katika besiboli tu, kwa kadiri ya maarifa yangu, ambamo majina matukufu kabisa yalichimbuka kutoka vazi la mguuni.

Soksi hizo zilikuwa na balaa lake pia. Rangi za zama hizo zilichuja, na mchezaji aliyechomwa muundini na njumu za kiatu cha mwenziwe aliingiwa na rangi jerahani. Mwaka 1905 Napoleon Lajoie wa Cleveland, mmoja wa wapigaji bora wa wakati wake, aliugua kwa sumu ya damu baada ya jeraha la namna hiyo, na lawama ikawekwa juu ya rangi ya soksi. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kishonaji: soksi nyeupe safi ivaliwe ndani, na juu yake ivaliwe soksi ya rangi isiyokuwa na unyayo, iliyobakishiwa utepe tu wa kupita chini ya mguu. Kwa njia hiyo pakapatikana ule mchoro wa rangi na weupe ubavuni mwa kifundo cha mguu ambao vizazi vya watoto wa Marekani viliuiga bila ya kujua kuwa asili yake ni hofu ya ugonjwa.

Rangi za mashati nazo zina habari yake. Desturi iliyojengeka ni kwamba timu ikicheza kwake huvaa nyeupe, na ikisafiri huvaa kijivu, na sababu inayotajwa ni nyepesi kueleweka: aliye nyumbani ana dobi, aliye safarini hana, na kijivu husitiri vumbi la vituo vya reli na la viwanja vya wenyewe. Waliojaribu kuupita mpango wa haja na kuleta mpango wa fikira tupu hawakufika mbali. Mwaka 1882 wakuu wa Ligi ya Taifa waliamuru kwamba rangi ya shati ifuate nafasi ya mchezaji uwanjani, na soksi peke yake ndiyo imtambulishe klabu yake, hata wapinzani wawili wa nafasi moja wakaonekana ndugu na wenza wa timu moja wakaonekana wageni. Watu walicheka, wachezaji walichukia, na msimu haukwisha kabla ya amri ile kuachwa.

Kofia iliyozunguka dunia

Kofia ya besiboli kwa asili ni chombo cha kukinga jua, wala haikuanza kuwa pambo. Kiasi cha mwaka 1860 klabu ya Excelsior ya Brooklyn ilivaa kofia laini ya duara yenye ukingo mfupi mbele, na wanahistoria wa mchezo huo hukubaliana kwamba huyo ndiye babu wa kofia tuijuayo. Tangu hapo ukingo ulirefushwa na kukazwa, kwa kuwa mpira ulioruka juu hupotea katika mwanga wa jua. Upande wake wa chini ulitiwa rangi ya kijani ili kupunguza mng'ao machoni, baadaye kijivu, na hatimaye nyeusi. Vipande sita vya kitambaa viliunganishwa na kukutana utosini chini ya kifungo kimoja kilichovikwa nguo. Na kila kipande kilitobolewa tundu dogo lililozungushiwa uzi ili kichwa kipate hewa. Msomaji wa pwani hatashangaa kusikia kwamba tundu la hewa laweza kuwa pambo, kwani kofia zetu za viua zimejengwa juu ya hekima hiyohiyo.

Kampuni ambayo jina lake limeambatana zaidi na kofia hiyo ni New Era, iliyoanzishwa mjini Buffalo mwaka 1920 na Ehrhardt Koch, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1954 ilitoa mtindo wake mashuhuri, 59Fifty, ambao hauna kamba wala kishikizo cha kukazia nyuma, bali hushonwa kwa vipimo vya kichwa, ili mviringo wake usikatwe na kitu. Na tangu 1993 ndiyo yenye haki ya kuzivika klabu zote za ligi kuu. Kwa muda mrefu kofia hizo zilikuwa za sufu, mpaka mwaka 2007 zilipogeuzwa za poliesta, ambayo huondoa jasho upesi na haisinyai kwa maji, ingawa wazee wa mchezo walisikitika kuikosa sufu iliyochukua umbo la kichwa cha mwenyewe kadiri ilivyozeeka.

Mwaka 1996 mtengenezaji filamu Spike Lee, mshabiki mkubwa wa Yankees wa New York, aliiomba kampuni hiyo imshonee kofia ya klabu yake kwa rangi nyekundu badala ya buluu nzito ya desturi. Ombi hilo la mtu mmoja lilifungua mlango ambao haukufungwa tena, kwani kofia ilitoka mikononi mwa klabu ikawa ya kila mtu na ya kila rangi. Ndiyo maana leo kapelo yenye herufi N na Y zilizofumbatana huonekana juu ya vichwa vya vijana wa Kariakoo, Gikomba na Kampala, wengi wao wakiwa hawajapata kuona mchezo mmoja wa besiboli, na kofia yenyewe imewafikia katika marobota ya mitumba au katika mikoba ya wachuuzi.

Herufi zenye nasaba

Herufi hizo mbili zinastahili kuhadithiwa, kwani hazikuchorwa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1877 kampuni ya masonara ya Tiffany ilitengeneza nishani ya ushujaa kwa ajili ya John McDowell, askari polisi wa New York aliyepigwa risasi akiwa kazini, na katika nishani hiyo N na Y zilisukwa pamoja. Klabu ambayo baadaye ilikuja kuitwa Yankees ilizichukua herufi hizo mwaka 1909, na inasemwa kwamba njia ilikuwa Bill Devery, mmoja wa wenye klabu, ambaye hapo kwanza alikuwa mkuu wa polisi wa mji huo. Hivyo alama inayovaliwa leo na mamilioni kwa umaridadi tu ilianza maisha yake kama shukrani ya mji kwa mtu aliyemwaga damu. Mwenye jicho kali atagundua pia kwamba herufi za kofiani na zile za kifuani mwa Yankees hazifanani hasa. Ni ndugu, lakini si pacha, na klabu haijaona haja ya kuzilazimisha kufanana.

Detroit nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Herufi D ya mtindo wa maandishi ya kale, yenye pembe na mikunjo, ilikaa kofiani kwa umbo moja na kifuani kwa umbo jingine kwa miongo mingi, hata mwaka 2018 klabu ilipoamua kuiondoa ya kifuani na kuweka ile ya kofiani mahali pake. Kwa mgeni badiliko hilo ni la nukta mbili tatu za uzi. Kwa wenyeji lilikuwa jambo la kujadiliwa nyumba kwa nyumba, kwani ile D ya kifuani ndiyo waliyoizoea baba zao.

Lakini katika alama zote sioni inayonipendeza kwa asili yake kuliko ndege wawili wa Cardinals wa St. Louis. Branch Rickey, aliyekuwa akiiongoza klabu hiyo, alialikwa kuzungumza katika kanisa la Kipresbiteri la Ferguson, karibu na St. Louis, akaona juu ya meza pambo la ndege wekundu waliotua kijitini, kazi ya mikono ya mwanamke aitwaye Allie May Schmidt. Akalipenda, na kijiti kikageuzwa gongo la njano, na ndege wakatua juu yake, mmoja kila upande, wakaingia mashatini mwaka 1922. Ukiacha mwaka 1956, ambapo uongozi uliwaondoa na kelele za watu zikawarudisha, ndege hao hawajahama. Na hudariziwa kwa mshono wa mnyororo, uzi ukiingia kitanzi ndani ya kitanzi, hata manyoya yao huonekana kuinuka juu ya kitambaa. Pambo la meza ya kanisa, lililokusudiwa kudumu jioni moja, limeishi zaidi ya karne.

Tembo mweupe wa Athletics ana nasaba ya namna nyingine, kwani alizaliwa na tusi. Mwaka 1902 John McGraw, meneja mwenye ulimi mkali, aliibeza klabu hiyo changa ya Philadelphia kuwa ni tembo mweupe, yaani mali ya gharama isiyokuwa na faida; naye Connie Mack, aliyeiongoza Athletics kwa nusu karne huku akivaa suti na ukosi uliokazwa kwa wanga, hakujibu kwa maneno, bali aliichukua dharau hiyo akaifanya nembo. Klabu imehama miji tangu hapo, na tembo amehama nayo.

Namba mgongoni

Kwa miongo mingi mchezaji wa besiboli hakuwa na namba. Cleveland walijaribu kuziweka mkononi mwa shati mwaka 1916 na St. Louis mwaka 1923, wakaacha. Ni mwaka 1929 tu ambapo Yankees na Cleveland waliziweka mgongoni moja kwa moja, na kwa kuwa mvua iliahirisha mchezo wa kwanza wa Yankees, Cleveland ndio waliotangulia kushuka uwanjani nazo. Yankees walizigawa kwa zamu ya kupiga: Babe Ruth aliyepiga wa tatu akapewa 3, na Lou Gehrig aliyemfuata akapewa 4. Katika miaka ya thelathini klabu zote zikafuata. Jambo lililoanza kwa ajili ya kumsaidia mtazamaji wa viti vya mbali likageuka kuwa namna ya kumkumbuka mtu, kwani Gehrig, ambaye maradhi yalimtoa uwanjani mwaka 1939, alikuwa wa kwanza kustaafishiwa namba yake, isivaliwe tena na mwingine wa klabu hiyo.

Namba iliyopewa hadhi kuu kuliko zote ni 42. Jackie Robinson aliivaa tarehe 15 Aprili 1947 alipoichezea Dodgers ya Brooklyn na kuuvunja ukuta uliowazuia watu weusi kucheza katika ligi kuu kwa takribani miaka sitini. Mwaka 1997 namba hiyo ilistaafishwa katika klabu zote, na siku hizi kila ifikapo tarehe hiyo ya Aprili kila mchezaji wa kila klabu huvaa 42, hata asiweze mtu kutambulishwa kwa namba. Ni nadra kuona kanuni ya mavazi ikigeuzwa makusudi namna hiyo ili libasi iseme neno moja kwa vinywa vyote.

Wala sheria za mchezo hazikuyapuuza mambo haya madogo. Namba ya mgongoni sharti isipungue inchi sita; vifungo vya kioo na madini yanayong'aa havikubaliwi; wala haifai vazi kuwa na mchoro unaofanana na mpira, kwa kuwa mpigaji aweza kudanganyika. Ushonaji, katika mchezo huu, ni sehemu ya insafu.

Kitambaa kipya, lawama mpya

Julai 1970 Pirates wa Pittsburgh waliingia katika uwanja wao mpya wakiwa wameiacha flana ya sufu na kuvaa kitambaa kipya kinachovutika, chepesi na rahisi kufuliwa, na muda si muda klabu zote zikawafuata. Kitambaa kipya kilipokea rangi kwa ukali usiojulikana awali, na muongo ule ukajaa ujasiri: mwaka 1975 Houston walivaa mashati yenye tabaka za njano, rangi ya chungwa na nyekundu na nyota ya buluu nzito tumboni, vazi lililochekwa na wengi siku zile na ambalo leo hutafutwa kwa bei kubwa. Nalo nalitetea, kwani halikuiga mtu. Lilitoka katika mji wa wanaanga na katika wakati uliotazama mbele.

Yaliyotokea mwaka 2024 ni ya namna nyingine. Ligi ilileta sare mpya zilizobuniwa na Nike na kushonwa na Fanatics, zikasifiwa kwa wepesi wake. Lakini majina ya mgongoni yalikuwa yamepunguzwa ukubwa, suruali zilionyesha yaliyomo ndani, na kijivu cha shati hakikulingana na kijivu cha suruali. Wachezaji wengi walilalamika, chama chao kikapaza sauti, na herufi kubwa zikaahidiwa kurudi msimu uliofuata. Kosa halikuwa kutumia maarifa mapya, kwa maana kitambaa cha 1970 nacho kilikuwa kipya. Kosa lilikuwa kuyafanya mambo yaliyokwisha kuthibiti kuwa kama yasiyo na sababu.

Hata hivyo si kila cha kale ni cha kuhifadhiwa, na mwenye kupenda urithi hana budi kusema hivyo kwa uwazi. Cleveland kwa miongo mingi walivaa kofiani na mkononi mwa shati sura ya kikaragosi ya Mhindi Mwekundu, mwenye uso mwekundu na meno yaliyokenuliwa, na watu wa asili ya nchi ile walitaabika kujiona wamefanywa mzaha. Sura hiyo iliondolewa mwaka 2019, na mwaka 2022 klabu ikaingia uwanjani kwa jina la Guardians, lililotokana na masanamu makubwa ya mawe yanayolinda daraja lililo karibu na uwanja wake. Badiliko hilo liliwaudhi baadhi ya watu, lakini lina nguvu ya haki na nguvu ya mahali: limeiondoa alama iliyosimama juu ya udhalili wa wengine, na kuiweka mahali pake alama ambayo kila mkazi wa Cleveland huipita akienda kazini.

Hapa ndipo palipo kipimo cha mambo yote niliyoyaeleza. Mbunifu wa nguo za michezo, awe Marekani au kwetu, ambako besiboli ingali changa na ambako vijana wa Lugazi nchini Uganda waliwahi kuwa wa kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2012, hana kazi ya kubuni kitu kisichopata kuonekana, wala ya kunakili kilichokwisha pendwa na wengine. Kazi yake ni kuuliza watu wake wana haja gani, wamepatwa na nini, na wanamkumbuka nani. Kisha kuyatia majibu hayo katika nguo kwa mshono ulio imara. Klabu ya Lugazi au ya Dar es Salaam ikija siku moja kuvaa alama iliyozaliwa na maisha ya mji wake, haitahitaji herufi za New York kuifanya iheshimiwe, na watoto wake watakuwa na sababu ya kuuliza alama ile ilitoka wapi, nao wazee wao watakuwa na jibu.